Kumwinda ayala mkia-mweupe kwa masafa marefu: kuanzia kufunga darubini hadi kufuata damu

Yadi 400 ni karibu viwanja vitatu na nusu vya mpira vikipangwa goli kwa goli. Ayala akisimama mwisho wa umbali huo, kichwa cha pini ulichokishika kwa mkono ulionyooshwa kinatosha kukifunika kifua chake chote. Risasi huchukua nusu sekunde kufika. Mnyama akipiga hatua moja ndani ya nusu sekunde hiyo, risasi iliyolengwa mapafuni inaingia tumboni, na mnyama aliyepigwa tumbo hufa kwa mateso ya saa nyingi. Kwa hiyo sharti la kwanza la uwindaji wa mbali ni kwamba ukiweza kumsogelea mnyama, msogelee. Yadi 100 ulizotambaa zinakuondolea makosa ambayo bunduki ya bei ghali haiwezi kukuondolea.

Yanayofuata ni kwa ajili ya sehemu za Marekani zisizo na pa kujificha: nyanda za Kansas, Nebraska na South Dakota, njia ndefu zilizofyekwa katikati ya vichaka vya Texas kusini ambazo wenyeji huziita senderos, na mashamba ya soya ya South Carolina, ambako fundi Kenny Jarrett alipata jina kwa bunduki zilizoitwa "za shamba la maharage". Tunamwita mnyama huyu ayala kwa sababu si swala wala kulungu. Swala na kulungu wana pembe za kudumu. Ayala dume huangusha pembe zake zenye matawi kila mwaka baada ya msimu wa kupandana, kisha huotesha nyingine.

Sheria kabla ya bunduki

Aliyekulia Kenya, ambako uwindaji wa michezo umepigwa marufuku tangu 1977, anaweza kushangaa kuona leseni ya kuwinda ikiuzwa dukani pamoja na mabuti na ndoano za samaki. Wepesi huo usikudanganye.

Anza na hali yako ya uhamiaji. Mwenye ukaazi wa kudumu, yaani kadi ya kijani, hazuiwi na sheria ya shirikisho kumiliki bunduki kwa sababu tu si raia. Mwenye viza ya muda, mwanafunzi au mtalii kwa mfano, haruhusiwi hata kuishika bunduki ya rafiki, isipokuwa awe na sababu mojawapo ya msamaha inayotajwa na sheria. Mojawapo ni leseni halali ya uwindaji iliyotolewa na jimbo. Kwa hiyo leseni inatangulia, bunduki inafuata, hata kama unakwenda kujaribu tu kwenye uwanja wa shabaha. Asiye na kibali cha kuwepo nchini haruhusiwi kabisa, na kosa hilo ni la jinai ya shirikisho.

Halafu soma kanuni za jimbo lako za mwaka huu. Texas humtaka kila aliyezaliwa tarehe 2 Septemba 1971 au baadaye awe amepita mafunzo ya uwindaji. Nebraska hutaka inchi za mraba 400 za rangi ya chungwa inayong'aa kichwani, kifuani na mgongoni wakati wa msimu wa bunduki, na msimu wenyewe ni siku tisa tu katikati ya Novemba. Ohio, kwa bunduki za aina ya raifo, hukubali zinazotumia risasi za ganda lililonyooka tu, kwa hiyo risasi zenye shingo (ganda linalobana kuelekea mbele) tunazozitaja hapa haziruhusiwi kwa ayala huko. Katika majimbo mengi saa halali ni kuanzia nusu saa kabla ya jua kuchomoza hadi nusu saa baada ya kuzama. Kwa masafa marefu, usizitumie dakika za mwisho za muda huo. Mwanga unatosha kuona mwili wa mnyama ila hautoshi kuona damu.

Bunduki na risasi

Chagua risasi ambayo bega lako linaivumilia. 6.5 Creedmoor, .308 Winchester, .270 Winchester na .30-06 zote humuua ayala kwa yadi 400 zikipiga mahali pake, na hupatikana hata kwenye maduka ya miji midogo. Risasi kubwa kama .300 Winchester Magnum haishuki sana kama hizo na upepo hauisukumi sana, lakini teke lake humzoesha mtu kufumba macho na kukaza bega kabla ya kufyatua. Akishazoea hivyo, anapoteza inchi nyingi kuliko alizookoa.

Hesabu zote za mwongozo huu ni za 6.5 Creedmoor yenye kichwa (kipande kinachoruka) cha greni 143 (kama gramu 9), inayotoka mtutuni kwa futi 2,700 kwa sekunde. Teke lake ni la wastani, na kichwa chake kirefu chembamba hupasua hewa vizuri. Kwa yadi 500 bado kinakwenda futi 2,030 hivi kwa sekunde, wakati vichwa vingi vya kuwindia huhitaji karibu 1,800 tu ili vifunguke. Nguvu ya risasi haitakuangusha. Kitakachoisha mapema ni uhakika wako wa kulenga.

Kichwa kiwe cha kuwindia, kile kinachofunguka kama uyoga ndani ya mwili. Vichwa vya mashindano hupanga matundu mazuri kwenye karatasi, ila havikutengenezwa kufunguka kwa uhakika, na vingine hupita kama sindano. Nunua risasi 200 zenye namba moja ya toleo la kiwandani. Matoleo mawili ya risasi ileile huweza kutofautiana kasi, na tofauti ambayo huioni kwa yadi 100 hujitokeza kwa 400. Tumia kama 40 kuweka sifuri (kurekebisha darubini hadi risasi itue pale unapolenga), 120 kwa mazoezi, na zilizobaki ziweke kwa ajili ya msimu.

Kifyatulio kilegee kwa uzito wa paundi 2.5 hadi 3.5. Darubini iwe na vifundo vya kuzungusha vyenye namba, yaani tareti, na kirekebisho cha paralaksi (kule kuhama kwa msalaba juu ya shabaha ukisogeza jicho); ukuzaji wa 3 hadi 15 unatosha. Kipima umbali cha leza ni cha lazima. Yadi 1,000 zilizoandikwa kwenye boksi lake ni za shabaha inayong'aa. Kwa manyoya ya ayala tarajia nusu yake.

Kufunga darubini

Risasi nyingi zinazosingiziwa upepo zilikosea mezani, siku ya kufunga darubini. Ifanye kazi hii bila haraka.

1. Fungua skrubu zote za kitako cha darubini, zifute mafuta kwa spiriti, uzirudishe kwa spana inayopima nguvu. Kama mtengenezaji hakusema vingine, skrubu za kitako ni karibu inchi-paundi 20, na za pete ni 15 hadi 18. Ukikaza pete kupita kiasi unaliminya bomba la darubini na tareti zinaanza kukwama ndani. Ukilegeza, sifuri inahama kila unapofyatua.

2. Kabla ya kukaza pete, vaa koti lako la baridi, lala kifudifudi, fumba macho, weka shavu kwenye kitako cha bunduki, kisha fumbua. Unapaswa kuona duara kamili bila kivuli pembeni, darubini ikiwa kwenye ukuzaji wa juu kabisa. Sogeza darubini mbele au nyuma hadi ulione. Anayepima haya Agosti akiwa na fulana hujikuta Novemba koti limemsukuma nyuma na duara limekatwa na kivuli.

3. Ning'iniza timazi ya fundi mwashi umbali wa yadi 25. Bunduki ikiwa imelala sawa, zungusha darubini hadi mstari wa wima ufuate uzi wa timazi. Darubini iliyopinda digrii 5 hukutoa pembeni karibu inchi 2 na nusu kwa yadi 400, hata siku isiyo na upepo.

4. Jaribu kama tareti zinasema kweli. Chukua karatasi ndefu, chora mstari wa wima wa inchi 36 kwa kufuata timazi, uiweke yadi 100. Piga risasi tatu ukilenga mwisho wa chini wa mstari. Pandisha MOA 30 (MOA ni kipimo cha pembe, sehemu moja ya 60 ya digrii), piga tatu nyingine ukilenga palepale. Makundi mawili yawe mbali kwa inchi 31.4, kwa kuwa MOA moja kwa yadi 100 ni inchi 1.047. Ukipata 30 au 33, andika tofauti hiyo na uiingize kwenye hesabu zako. Kundi la juu likitoka nje ya mstari, rudi hatua ya tatu.

Kuweka sifuri

Anza yadi 25. Toa bolti (kipande kinachofunga mtutu kwa nyuma), egemeza bunduki kwenye mifuko ya mchanga, chungulia shabaha kupitia mtutu, kisha sogeza msalaba wa darubini ufuate bila kuigusa bunduki. Piga risasi moja. Kwa tareti ya robo MOA, kliki moja (mlio mmoja wa tareti ikizungushwa) hapa ni sehemu moja ya 16 ya inchi, kwa hiyo risasi iliyo chini kwa inchi 2 inahitaji kliki 32 juu. Watu huzungusha kliki 8 kwa mazoea ya yadi 100, kisha hulaumu darubini.

Nenda yadi 100. Piga risasi tano bila kurekebisha chochote katikati, tafuta kitovu cha kundi, urekebishe kwa kufuata kitovu hicho. Ukirekebisha baada ya kila risasi unafukuza bahati tu. Kati ya kundi na kundi acha mtutu upoe hadi uweze kuushika kwa kiganja bila kuhisi joto. Siku inayofuata rudi, piga risasi moja tu ya mtutu baridi. Hiyo ndiyo risasi utakayoipiga porini; ikitua mbali na kundi la jana, amini ya leo.

Kama hutaki kuzungusha tareti kabisa, weka sifuri yadi 200. Risasi itakuwa juu inchi 2 hivi kwa yadi 100, na chini inchi 3 kwa 250. Hadi hapo lenga katikati ya kifua na umalize. Wanaowinda kwenye misitu ya mashariki hawahitaji zaidi ya hapo, na huu ndio ushauri wetu kwa kila mwenye msimu wa kwanza au wa pili.

Risasi inashuka kiasi gani

Kwa sifuri ya yadi 100 na darubini iliyo inchi 1.75 juu ya mtutu, tarajia takriban hivi:

Yadi 200: inchi 3.5 chini, MOA 1.75, kliki 7.
Yadi 300: inchi 13 chini, MOA 4.25, kliki 17.
Yadi 400: inchi 29 chini, MOA 7, kliki 28.
Yadi 500: inchi 53 chini, MOA 10, kliki 40.

Hizi ni namba za kuanzia. Kasi iliyoandikwa kwenye boksi kwa kawaida hupimwa kwa mtutu wa inchi 24. Wako wa inchi 20 unaweza kupoteza futi 80 hadi 100 kwa sekunde. Pima kasi halisi kwa kronografu (kipima kasi ya risasi), iingize kwenye programu ya mahesabu ya simu, kisha thibitisha kwa kupiga 300 na 400. Ikiwa kwa 400 kundi linatua inchi 4 chini ya ulipolenga, punguza kasi kwenye programu hadi ikubaliane na karatasi. Karatasi ndiyo yenye neno la mwisho.

Ukishathibitisha, andika jedwali hilo kwa kalamu isiyofutika na ulibandike kwa selotepu kwenye kitako cha bunduki, upande unaouona ukiwa umelala. Baridi ya Novemba huua betri ya simu saa ileile unayoihitaji.

Umbali usikisiwe kwa macho. Ukizungusha kliki za yadi 400 na mnyama yuko 450, risasi inatua inchi 7 chini: inavunja mguu au inapita chini ya tumbo. Kwenye mlima, hesabu umbali wa usawa. Pembe ya digrii 30 hugeuza yadi 400 kuwa kama 346, iwe unapiga juu au chini. Vipima umbali vingi vya kuwindia hufanya hesabu hiyo vyenyewe. Hakikisha chako kimewekwa hivyo, na usiirudie tena kwenye programu.

Upepo

Mteremko wa risasi ni hesabu, na hesabu haibadiliki. Upepo hubadilika wakati unakohoa. Upepo wa maili 10 kwa saa unaopiga ubavuni kabisa huisukuma risasi yetu inchi 2 kwa yadi 200, 5 kwa 300, 9 kwa 400 na 15 kwa 500. Upepo wa maili 5 husukuma nusu yake, wa 20 mara mbili.

Mwelekeo ufikirie kama uso wa saa, mnyama akiwa kwenye 12. Upepo wa saa 3 au saa 9 hupewa thamani kamili. Wa kati ya 1 na 2 hupewa saba ya kumi. Wa saa 1 au 11 nusu. Unaotoka moja kwa moja mbele au nyuma hausumbui kwa masafa haya, lakini ni mlaghai, maana ukigeuka kidogo tu unakuwa wa ubavuni.

Kipimo cha mkononi kinakwambia upepo wa pale ulipolala. Wa kati na wa kule aliko mnyama unausoma kwa majani. Maili 3 hadi 5 unausikia usoni kama pumzi. Kwa 5 hadi 8 majani yanacheza bila kutulia. Kwa 8 hadi 12 vumbi na majani makavu vinainuka. Kwa 12 hadi 15 miti midogo inayumba. Tazama kwa darubini nyasi za karibu na mnyama, halafu za nusu ya njia, halafu zako. Bonde likikatiza katikati, mara nyingi upepo hufuata bonde, na unaweza kuwa tofauti kabisa na ule unaokupiga shavuni.

Sasa jambo linaloamua kila kitu. Moyo na mapafu ya ayala ni duara la kama inchi 8. Chukua 6, ili ibaki nafasi ya mtetemeko wako na wa bunduki. Hiyo ni inchi 3 kila upande wa katikati. Kwa yadi 300, ukikosea upepo kwa maili 5, unatoka inchi 2 na nusu, bado umo. Kwa 400 kosa lilelile linakutoa inchi 4 na nusu, umetoka. Ili ubaki ndani kwa 400 unatakiwa ukadirie upepo kwa kosa lisilozidi maili 3, na kwa 500 lisilozidi maili 2. Mtu mwenye mazoezi ya kweli anaweza kufikia maili 3 siku tulivu. Maili 2, kwenye uwanda wenye mabonde na upepo wa vipindi, ni wachache mno wanaoweza kuapa. Ndiyo maana hatushauri yadi 500 kwa ayala, hata pale bunduki inapofika bila shida.

Mtihani wa sahani

Umbali wako wa mwisho unapatikana hivi. Chukua sahani za karatasi za inchi 6. Nenda uwanja wenye yadi 200, 300 na 400. Piga kwa mikao ya porini: umelala kwenye miguu miwili ya bunduki, umekaa nyuma ya tripodi, umeegemea begi. Meza ya saruji haihesabiki. Kila risasi iwe ya kwanza: inuka, tembea hatua 50, rudi, lala, pima, zungusha, piga moja ndani ya dakika moja na nusu. Fanya hivyo mara 10 kwa kila umbali, kwa siku tofauti, na angalau siku moja iwe ya upepo.

Umbali wa mbali kabisa ambao sahani ilipata tundu mara 10 kwa 10 ndio mwisho wako. Tisa hazitoshi, kwa sababu ile ya kumi ina mnyama. Kwa wengi jibu litakuwa yadi 200 au 300. Nyumbani, hakikisha mara mbili kwamba chemba ni tupu na risasi ziko chumba kingine, kisha fyatua bunduki tupu mara 20 kwa siku ukiangalia kama msalaba unaruka. Hakuna zoezi la bei rahisi kuliko hilo linaloondoa woga wa teke.

Siku yenyewe

Fika kwenye ulingo au mahali pa kulala mapema, upepo ukitoka kwa mnyama kuja kwako. Ayala hunusa kutoka mbali sana, na mmoja akikoroma kwa hofu na kupiga kwato chini, bonde zima linahama. Nebraska madume hutembea mchana kutwa katikati ya Novemba wakifuata majike. Texas kusini wakati huo huja Desemba. Ukishatulia, pima umbali wa vitu visivyohama, kama nguzo, jiwe au mti uliokauka, na uviandike. Mnyama akitokea, nusu ya kazi iwe imekwisha.

Chini ya kitako cha bunduki weka soksi nene iliyojaa mchele. Ukiiminya, msalaba unashuka, ukiilegeza, unapanda. Ni kitu kidogo, lakini asiye nacho hushikilia bunduki kwa misuli, na msuli hutetemeka. Isukume bunduki mbele kidogo ili miguu yake ishike ardhi.

Mnyama akitokea, fuata mpangilio huu kila mara, hata kama moyo unakwenda mbio:

1. Mtambue kwa darubini ya mkononi, kamwe si ya bunduki. Je, ni jinsia inayoruhusiwa na leseni yako? Nyuma yake kuna nini? Kichwa cha risasi hii huweza kusafiri zaidi ya maili 3. Aliye juu ya kilele na anga nyuma yake hapigwi.
2. Pima umbali mara mbili. Namba zikitofautiana, pima ya tatu. Leza hupenda kugonga nyasi za mbele.
3. Soma upepo sehemu tatu, amua namba moja.
4. Zungusha tareti ya juu, tamka kliki kwa sauti ndogo. Upepo ushikilie kwa alama za ndani ya darubini badala ya kuzungusha tareti ya pembeni, kwa sababu utabadilika kabla hujamaliza.
5. Punguza ukuzaji uwe 10 au 12. Kwenye 15 unamwona vizuri zaidi, ila baada ya teke unampoteza. Rekebisha paralaksi hadi msalaba usihame ukitikisa kichwa.
6. Subiri asimame ubavu, ameinamisha kichwa anakula. Panda na ukingo wa nyuma wa mguu wa mbele hadi theluthi ya kimo cha mwili. Akiwa amekupa mgongo kwa mshazari, lenga upitie kuelekea bega la upande wa pili. Anayekutazama uso kwa uso, anayetembea, aliyechanganyikana na wenzake: mwache. Kichwa na shingo usivilenge kwa masafa haya.
7. Toa pumzi, bonyeza polepole, na ushikilie kifyatulio nyuma hadi uone risasi ilipotua.

Kama kuanzia hatua ya kwanza hadi ya saba zimepita dakika mbili, anza upya kwenye upepo.

Baada ya mlio

Ingiza risasi nyingine papo hapo, jicho likibaki kwenye darubini. Aliyeruka na kupiga teke la nyuma mara nyingi amepigwa moyo au mapafu. Aliyejikunja mgongo na kuondoka taratibu amepigwa tumbo. Aliyeanguka palepale mtazame dakika kadhaa. Mara nyingine risasi imegusa tu mifupa ya juu ya uti wa mgongo, na ataamka akimbie.

Kabla hujainuka, piga picha ya mahali aliposimama kupitia darubini, andika umbali na uelekeo wa dira. Mahali hapo, ukifika, patakuwa na sura nyingine kabisa. Kichaka ulichokiona kimoja ni sita. Acha fulana ya rangi ya chungwa pale ulipolala ili ugeuke na kupima kurudi nyuma. Mkiwa wawili, mmoja abaki na darubini ya mkononi akimwelekeza mwenzake kwa simu, bunduki ikiwa wazi bila risasi.

Nenda kila mara, hata ukiamini umekosa. Kwa yadi 400 mnyama aliyepigwa anaweza kuondoka kama aliyeshtuka tu. Damu ya waridi yenye povu ni ya mapafu: subiri nusu saa, atakuwa karibu. Damu nyekundu iliyokoza ni ya ini: saa 4 au zaidi. Majimaji ya kijani au kahawia yenye harufu ni ya utumbo: saa 8 hadi 12, maana ukimfuata mapema anainuka na kwenda maili nzima. Weka kipande cha karatasi laini kila penye tone, ugeuke mara kwa mara kuutazama mstari uliochora; unakuonyesha alikoelekea. Pale sheria inaporuhusu, mbwa wa kufuata damu ana thamani kuliko watu kumi.

Nyama

Mkaribie kwa nyuma, mguse jicho kwa kijiti. Asipopepesa, amekufa. Mwindaji Mwislamu hutaja jina la Mungu wakati wa kufyatua, na akimkuta bado ana uhai humchinja. Kisu kiwe karibu. Jaza tagi (kipande cha leseni cha kumfunga mnyama) kama jimbo linavyotaka kabla ya kumsogeza.

Toa matumbo mara moja, usitoboe kibofu wala utumbo, na uache kifua wazi kipate hewa. Nyama ishuke chini ya nyuzi 4 za Selsiasi mapema iwezekanavyo. Kata na utupe nyama yote iliyovilia damu kuzunguka njia ya risasi, pamoja na kiganja kizima cha nyama inayoonekana nzuri pembeni yake, kwa kuwa vichwa vyenye madini ya risasi (ledi) huacha chembe zisizoonekana kwa jicho. Hili ni muhimu hasa kama nyama itasagwa kwa ajili ya watoto.

Kuna ugonjwa wa ayala wa kudhoofika na kukonda, ulioonekana mara ya kwanza Colorado mwaka 1967 na sasa umeenea majimbo mengi. Unaletwa na protini iliyoharibika ambayo moto wa jikoni hauiui. Kwenye maeneo yaliyotangazwa, peleka tezi au kichwa kupimwa, usivushe ubongo wala uti wa mgongo nje ya eneo, na weka nyama kwenye friza bila kuichanganya na nyingine hadi majibu yatoke. Yakiwa na ugonjwa, nyama hiyo hailiwi.

Kabla ya kuiweka bunduki kwenye mfuko, rudisha tareti kwenye sifuri, kliki moja moja, ukihesabu. Aliyepiga yadi 400 jana na kusahau kliki 28 atampita ayala wa kesho wa yadi 100 inchi 7 juu ya alipolenga.